Barua kwa mwanangu aliyeko Kampala

Asalaam alaikum, mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza, mimi na mama yako, hadi pale uliposema hutafungua tena mdomo mbele ya yule mhasibu wa chuo. Utaufungua. Ila kwanza tuelewane kilichotokea, maana hukumdanganya mtu.

Alikuuliza, "You haven't paid?" Ukajibu, "Yes." Kwa Kiswahili ulikuwa sawa kabisa: "Hujalipa?" "Ndiyo, sijalipa." Sisi tunayakubali au kuyakataa maneno ya muulizaji. Kiingereza kinajibu jambo lenyewe. Kama hujalipa ni "No, I haven't", hata swali lije limepinda vipi. Wewe ulisema "Yes", yeye akasikia umelipa, akakupeleka dirisha la kadi, na huko ukaonekana mjanja. Hapo Kiswahili ndicho kilichokuponza; Kifaransa ulichosomea huku Burundi kingekuokoa, kwa sababu nacho husema "Non". Ila siku utakapokuwa umelipa na mtu akashikilia kwamba hujalipa, usiitafute ile "si" ya Kifaransa, ya kumpinga aliyekanusha; Kiingereza hakina. Sema "Yes, I have", na hiyo "have" uikaze. Na mtu akikuuliza "Do you mind if I sit here?" nawe huna kinyongo, jibu lake ni "No". Ukimwambia "Yes" umemfukuza.

Kwenye nyakati za vitenzi mambo yanageuka. Umeniandikia "I have seen him yesterday". Hiyo ni "je l'ai vu hier" iliyovaa nguo za Kiingereza. Kifaransa tunachoongea kinatumia umbo lile lile kwa nilimwona na nimemwona, na wewe masomo yako yote ya sekondari ulisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo sikushangaa. Lakini Kiswahili cha nyumbani kinatenganisha, na Kiingereza kinatenganisha karibu vivyo hivyo: nimemwona, "I have seen him"; nilimwona jana, "I saw him yesterday". Kabla hujaandika, jiulize kwa Kiswahili kama ni -me- au -li-. Mara nyingi utapata jibu.

Mara nyingine lugha zako zote mbili zitakutupa shimoni pamoja. Nina miaka ishirini, "j'ai vingt ans", halafu unasema "I have twenty years". Nina njaa, "j'ai faim", halafu "I have hunger". Ni "I am twenty", "I am hungry". Kadhalika usiseme "I am here since three months". Sema "I have been here for three months". Haya lugha zako hazikupi pa kuegemea, ni ya kukariri.

Tukiwa kwenye "hungry": h yako iko wapi? Nimesikia "I am angry" kwenye ile sauti, na najua ulikuwa unataka chakula. Mfaransa ana udhuru, herufi hiyo anaiandika tu bila kuitamka. Wewe hukukaa madrasa bure. Na kule "sink" badala ya "think" na "zis" badala ya "this" ndiko kunanisikitisha zaidi. Ustadhi alikusimamia mpaka ncha ya ulimi ikatokeza kati ya meno kwa ajili ya thaa na dhali. "Think" ni thaa ile ile, "this" ni dhali ile ile. Huna cha kujifunza hapo, ni kukumbuka tu.

Irabu ni ngumu kidogo. "Ship" na "sheep" kwetu zote ni "ship", kwa Wafaransa pia. Ile ya meli ni fupi na mdomo unalegea, ya kondoo unaivuta huku umetabasamu. Fanya mazoezi ukiwa peke yako, hasa neno la shuka, "sheet". Ukilifupisha linakuwa tusi, na mimi ni baba yako, sitalieleza zaidi.

Lafudhi yenyewe isikunyime usingizi. Tangu sheria ya mwaka 2014 Kiingereza ni lugha rasmi huku kwetu Burundi kando ya Kirundi na Kifaransa, lakini hakuna anayekudai uongee kama mtu wa London. Waganda wenyewe wana Kiingereza chao, na utakipenda. Watakuambia "Well done" ukiwa unafua tu, ni salamu ile. "You are lost" maana yake umepotea, hatujakuona siku nyingi. Ukijikwaa barabarani mtu asiyekujua atakuambia "Sorry", na hajakukosea lolote, anakupa pole. Kwenye teksi, yaani yale mabasi madogo ya abiria, wakisema "Extend", sogea. Yatumie huko huko. Kwenye kazi za chuo usiyaandike. Huko pia usiandike "informations" wala "advices". Maneno hayo hayapokei s, hata Kifaransa kikiyapa wingi.

Sasa jambo moja ninalolihitaji haraka. Umeandika "I passed two exams last week". Kwa Kiingereza maana yake umefaulu, na mama yako ameshaanza kuwaambia majirani wa Buyenzi nzima. Mimi nina wasiwasi ni "passer" ya Kifaransa, yaani umeifanya mitihani na matokeo bado. Nijibu leo, kwa Kiswahili, kabla hajafika sokoni.

Baba yako