Mduara wako umeenda wapi? Michoro ya mwanzo kwa p5.js

Ujumbe tunaoupokea zaidi kutoka kwa wanafunzi wetu wapya ni huu: "Nimeandika kila kitu kama mlivyoelekeza, lakini sioni kitu." Mara nyingi msimbo, yaani maagizo uliyoiandikia kompyuta, hauna kosa kubwa. Mduara umechorwa kweli, ila umefunikwa, au umeangukia nje ya turubai, yaani eneo la kuchorea kwenye skrini. Tumeona tuyaeleze haya hapa, ili hata mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani aweze kuyafuata.

Madarasa yetu ya mwanzo yanatumia p5.js, maktaba (mkusanyo wa msimbo ulio tayari) ya JavaScript, lugha ya programu, ya kuchorea maumbo kwenye kivinjari. Ilianzishwa mwaka 2013 na msanii Lauren Lee McCarthy, juu ya msingi wa Processing, mradi ambao Casey Reas na Ben Fry waliuanza mwaka 2001 kule chuo kikuu cha MIT, Marekani. Ni ya bure. Tumeichagua kwa sababu moja nyingine iliyo muhimu kwa wateja wetu: faili lake ukishalipakua mara moja, unafanya kazi bila bando. Folda moja, faili la HTML (ukurasa unaofunguliwa na kivinjari), faili la p5.js na faili lako la mchoro, basi.

Jambo la kwanza la kujua ni pale sifuri ilipo. Kwenye grafu za shuleni sifuri iko chini kushoto, na y ikikua unapanda. Kwenye skrini sifuri iko juu kushoto, na y ikikua unashuka. Mwanafunzi mzuri wa hesabu ndiye anayesumbuka zaidi hapa, kwa kuwa ameshazoea. Anataka jua liwe juu ya mlima, anaandika y ya 350, na jua linazama chini. Akiandika 450 kwenye turubai yenye kimo cha 400, halionekani kabisa, na kompyuta haitamlalamikia, kwa sababu kuchora nje ya turubai si kosa.

La pili ni mpangilio. Kinachoandikwa mwisho ndicho kinachokaa juu. Tunapenda kulifundisha kwa bendera ya Tanzania, maana karibu kila mtoto anajua inavyotakiwa kuonekana na hahitaji kuambiwa kwamba amekosea:

function setup() {
  createCanvas(600, 400);
  background('#00A3DD');
  noStroke();
  fill('#1EB53A');
  triangle(0, 0, 600, 0, 0, 400);
  stroke('#FCD116');
  strokeWeight(150);
  line(0, 400, 600, 0);
  stroke(0);
  strokeWeight(110);
  line(0, 400, 600, 0);
}

Angalia ilivyojengwa. Turubai ni 600 kwa 400 kwa kuwa bendera yetu ina uwiano wa 3 kwa 2. Bluu inajaza kote kwanza. Kisha pembetatu ya kijani inakaa juu kushoto, na bluu inayobaki ndiyo ya chini kulia. Ile michirizi miwili ya njano hatukuichora mmoja mmoja: tumepiga mstari mmoja mnene wa njano kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia, halafu juu yake mstari mweusi mwembamba zaidi, na njano ikachungulia pande zote mbili. Unene tumeukadiria kwa macho, nawe unaweza kuurekebisha.

Sasa mwambie mtoto ahamishe mistari. Njano ikiandikwa baada ya nyeusi, nyeusi inatoweka yote. Pembetatu ikienda mwisho pamoja na noStroke na fill yake, inameza nusu ya mkanda. Background ikienda mwisho, inabaki bluu tupu, na huo ndio ule ujumbe wa "sioni kitu". Zoezi hili lina faida kuliko maelezo yetu yote ya ubaoni, na tunamsihi kila mzazi asimwondolee mtoto nafasi ya kuliharibu na kulitengeneza mwenyewe.

Ukianza kutaka vitu visogee, unaingia kwenye draw, sehemu inayoandikwa kama setup; ila setup hufanyika mara moja tu mwanzoni, na draw kwa kawaida hurudiwa kama mara 60 kwa sekunde. Hapo kuna matatizo mawili ya kila siku. Mpira ukiacha mkia mrefu, background iko ndani ya setup tu. Ihamishie mwanzoni mwa draw, ili turubai ipakwe upya kabla ya kila mchoro. Mpira ukigoma kusogea ilhali umeandika x = x + 2, tazama kama ile "let x = 0" haiko ndani ya draw. Ikiwa humo, kila duru x inarudi sifuri, na mpira unabaki palepale. Itoe, iweke juu kabisa ya faili.

Mduara hupimwa kuanzia katikati yake, mstatili kuanzia kona yake ya juu kushoto. Ndiyo maana mduara hauingii katikati ya mraba hata ukizipa namba zilezile. Weka rectMode(CENTER) kabla ya mraba.

Halafu herufi kubwa na ndogo: createCanvas siyo createcanvas. Kwa anayejifunza, tunashauri faili kamili la p5.js badala ya p5.min.js. La pili ni jepesi, lakini limeondolewa ile sehemu inayokueleza kosa lako kwa lugha nyepesi ndani ya konsoli, yaani sehemu ya kivinjari inayoonyesha ujumbe wa makosa. Konsoli inafunguliwa kwa F12 kwenye vivinjari vingi vya kompyuta.

Ukikwama bado, tutumie msimbo wako kama maandishi, siyo picha ya skrini, pamoja na ujumbe wowote mwekundu uliouona kwenye konsoli. Tuambie pia ulitaka kionekane nini na kimeonekana nini. Wanafunzi wetu wa sasa na waliomaliza hawalipii msaada huu, na hakuna swali dogo mno kwetu.