Harambee ya Askari Waliojeruhiwa Vitani: Tunaomba Ahadi ya Kila Mwezi

Ndugu na marafiki,

Sisi ni kikundi cha familia za askari waliorudi kutoka vitani na majeraha. Tunaomba mchango wenu, na safari hii hatuombi fedha nyingi za siku moja. Tunaomba ahadi ndogo, ilipwe kila mwezi, kwa sababu majeraha haya huendelea kufanya kazi mwilini miaka mingi baada ya mapokezi na hotuba kwisha.

Aliyekatwa mguu hudhaniwa kwamba akishapewa wa bandia, amemaliza. Lakini kigutu hubadilika. Misuli husinyaa, mwili hunenepa au kukonda, na soketi inayoshika kigutu huanza kupwaya au kubana. Ngozi huchubuka, na kidonda kikichimbika mgonjwa huuvua mguu akakaa wiki nzima bila kutoka. Mguu wenyewe kwa kawaida hudumu miaka 3 hadi 5. Kijana aliyeumia akiwa na miaka 25, Mungu akimfikisha 70, atahitaji kubadilishiwa mara 9 kwa uchache. Wakati huo goti lake zima linabeba mzigo wa mawili, na huchakaa kabla ya magoti ya wenzake wa rika lake. Wengine waliolipuliwa huota mfupa ndani ya nyama ya kigutu, wakarudi tena kwa daktari wa upasuaji.

Na kuna maumivu ya mguu usiokuwepo. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu wake na mama zetu wamelisikia likichekwa. Daktari Silas Weir Mitchell, aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyaandika maumivu haya mwaka 1871. Mtu anayelia usiku kwamba vidole vilivyokwisha kuzikwa vinamwungua hajifanyi, wala hajarukwa na akili. Dawa zipo, mazoezi yapo, na wapo wanaopata nafuu kwa kufanya mazoezi mbele ya kioo kinachouonyesha mguu mzima mahali pa uliokatwa.

Walioumia uti wa mgongo ndio wanaotutia hofu zaidi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi waliopooza kwa jeraha la mgongo walifariki mapema, wakiuawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo yaliyofika kwenye figo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi ya majeruhi wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na kibofu kitunzwe kwa usafi mkubwa. Wagonjwa wakaishi. Mwaka 1948 baadhi yao walishindana kulenga mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na hapo ndipo ilipoanzia michezo ya Paralimpiki, ya wanamichezo wenye ulemavu. Yaliyowaokoa ni mikono ya kuwageuza, godoro linalofaa na mpira safi wa mkojo. Hayo hayahitaji miujiza, lakini yanahitajika leo, kesho na mwakani.

Jeraha la kichwa nalo huchelewa kujitokeza. Miongoni mwa askari wa Marekani waliopenywa na risasi au vyuma kichwani huko Vietnam na kufuatiliwa na madaktari, karibu nusu walipata kifafa ndani ya miaka 15. Wengine kiliwaanza baada ya miaka zaidi ya 10, wakiwa wamekwisha kurudi kazini na kulea watoto. Wengi hupoteza usikivu, au husikia mlio masikioni usiokoma. Wapo pia wenye maradhi ya kiwewe, yaani vitisho vya vita visivyomtoka mtu akilini, yaliyoingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, ingawa askari waliugua tangu zamani. Mara nyingi maumivu ya mwili na kiwewe huishi pamoja, na mtu asiyelala kwa maumivu huishia kwenye pombe au kwenye vidonge asivyoweza kuviacha. Kumlaumu hakumpunguzii chochote. Kumtibu vyote viwili kwa pamoja kunamsaidia.

Michango itanunua mipira ya mkojo, dawa za kifafa na magodoro ya hewa. Italipia marekebisho ya soketi, nauli za kliniki, na mtu wa kupokezana na mlezi walau siku moja kwa wiki. Tunalisisitiza hilo la mlezi. Kumgeuza mtu mzima usiku kucha kumeshavunja migongo ya wake, mama na mabinti wengi, na hakuna anayewapa nishani.

Ahadi zipelekwe kwa mweka hazina wa kikundi, naye atatoa stakabadhi. Hesabu zitasomwa mbele ya wachangiaji wote, ila majina ya wagonjwa hayatatangazwa. Muuguzi, fundi wa viungo bandia au mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kuahidi saa zake badala ya fedha. Ahadi ikikulemea, ipunguze. Tunachoomba ni usiikatize kimya kimya. Tuarifu mapema, maana kuna mtu ambaye dawa zake za mwezi ujao tumezipangia fungu hilo.