Mkiandika mzazi kafungia mtoto, ulizeni na dirisha la dawa

Mhariri, kama we ni mkubwa kwangu shikamoo, kama ni rika la mwanangu basi hujambo.

Naandika kwa sababu kila ikitoka habari ya mzazi aliyemfungia mtoto wake mkubwa mgonjwa wa akili chumbani watu wanamtukana mpaka basi, mama gani huyo, roho mbaya, sijui kamtoa kafara. Mi wangu sijamfunga kamba ila komeo la nje niliweka, kwa usiku 3, na sifichi.

Wa kwangu ni wa kiume, ana miaka 27, alikuwa fundi aluminiamu mzuri tu. Akaanza kukesha anaongea na watu tusiowaona, akaacha kazi, siku moja akakusanya simu zetu zote akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, anasema wanatusikiliza humo. Kwa baba yake wakasema jini. Tukapita kwa shehe, tukapita kwa mchungaji (familia yetu imechanganyika msishangae), mbuzi mmoja akaenda kwa mganga, miezi 7 ikaisha hivyo. Hospitali tulifika tumechelewa, hilo kosa letu.

Sasa sikiliza. Siku ya kwanza kapigwa sindano ya haloperidoli, dawa ya akili, tukarudi nyumbani. Saa 4 usiku shingo ikapinda upande, taya likakaza, macho yamegeukia juu kwenye bati hayashuki. Shangazi yake anapiga kelele nilisema mimi, ni jini! Na mimi niliamini, nidanganye nini. Asubuhi tukakimbilia zahanati ya jirani, nesi wa pale ndo akaniambia mama hiyo ni dawa, inakaza misuli kwa baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, na ina kidonge chake kinaitwa Artane. Akapewa, mchana shingo ikarudi. Dakika 2 tu wangetueleza kule tulikoanzia! Maana baada ya hapo mtoto alikataa dawa miezi minne, nikawa nampa anameza mbele yangu kumbe kaficha chini ya ulimi, vidonge 19 nilivikuta ndani ya sponji la kochi, nilivihesabu. We ungemeza?

Kilichotuokoa ni sindano ya mwezi, Modecate. Ukishachoma ni wiki 4 hamgombani, hakuna ile ya kila usiku fungua mdomo nione, mtu mzima ana ndevu unamwambia fungua mdomo. Aliniambia mama mi sio kuku wa kuchunguzwa, nikanyamaza. Sasa kadi ya kliniki anakaa nayo mwenyewe, mi nabaki na nauli. Kwa fundi wake anaenda siku 3 kwa wiki, amenenepa, analala sana, mikono inatetemeka kidogo kwa hiyo vioo hawampi, anabeba fremu, ila anacheka jamani, nilikuwa nimesahau meno yake yamekaaje.

Tunaambiwa matibabu ya akili ni bure na kweli daktari hatumlipi, ila dirishani unaambiwa Modecate imeisha mama kanunue nje. Nje duka la kwanza hawana, la pili hawaijui, la tatu wanakuangalia wewe halafu wanamwangalia mtoto. Mwaka huu ilikosekana, tukazunguka wiki ya kwanza, ya pili, hiyo ya tatu akaanza tena kutolala. Ndoo niliiondoa mapema. Kumpeleka Dodoma pale Mirembe, hospitali ya akili, siku hizi treni ipo, ila mtu akishachafukwa humkalishi kwenye siti na abiria, na ukitaja Mirembe tu watu wanacheka, hospitali ipo tangu 1927 lakini jina limegeuzwa tusi la mtaani. Hapo ndo komeo likaja. Nimekaa nje ya mlango na kitenge changu mpaka alfajiri, yeye ndani ananiita mama nimekosa nini.

Kwa hiyo mwandishi wako akienda tena kumpiga picha mama wa namna hiyo, kabla hajatoka mtaani apite na kwenye kituo cha afya aulize wiki ile dirisha la dawa lilikuwa na nini.

Tarehe ya sindano ya wangu ni Jumanne ijayo. Nimeshapiga simu mara mbili kuuliza kama dawa imefika, simu haipokelewi.

Mama mzazi,
Kihonda, Morogoro