Mdogo wangu hakurogwa

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili. Alipozaliwa alichelewa kulia, ubongo ukakosa hewa. Mtaani wanasema mama alimtoa kafara apate utajiri. Mama anauza maandazi. Maneno hayo yamemliza mno.

Ulemavu wa akili una sababu zake: uchungu pingamizi (mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa), manjano ya kichanga isiyotibiwa, malaria kupanda kichwani, mjamzito kukosa madini joto (chumvi yenye madini hayo ipo dukani!).

Mwalimu wa kitengo maalumu cha wanafunzi wenye ulemavu alimshika mdogo wangu vidole miezi mitatu hadi akaweza kufunga vifungo vya shati. Siku hiyo alivifungua na kuvifunga mpaka jioni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inawapa haki ya elimu. Halmashauri, tuongezeeni walimu hao.

Msomaji wako,
Morogoro