Risala ya Umoja wa Wanafunzi wa Uzamili Tuliopitia Stashahada kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi chini ya turubai hili. Ulialikwa saa tatu, na kufika kwako saa sita kunatuonyesha jinsi majukumu yako yalivyo mazito.

Umoja wetu ulianzishwa mwaka 2017 na wanafunzi wanne. Leo tuko 38. Mafanikio ni makubwa: tuna katiba, muhuri, akaunti ya benki na viti 24 vya plastiki, ambavyo baadhi yenu mmevikalia.

Mgeni Rasmi, wa kidato cha sita huingia shahada ya kwanza kwa prinsipo mbili, yaani ufaulu wa kiwango kikuu katika masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4.0. Sisi tulikuja na stashahada zenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0, na wachache wetu ambao hawakuifikisha wakapitia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wenzetu walituita "wa dirishani". Tulipofika uzamili hakuna aliyeuliza dirisha; tuliulizwa shahada yenye GPA ya 2.7, nasi tulikuwa nayo na chenji ikabaki. Masomo ya darasani tumeyamaliza bega kwa bega na wenye divisheni wani zao.

Tunapokwama, wa mlangoni na wa dirishani, ni kwenye tasnifu. Mtu ana hojaji 200 zilizojazwa, zimelala kwenye mfuko wa salfeti chini ya kitanda, kwa kuwa hana kompyuta ya kuchakatia takwimu. Wengi wetu ni walimu na wauguzi. Tukitoka kazini, tukapanda daladala mbili, tunakuta maktaba inakaribia kufungwa. Steshenari nako ni kulipia kwa saa. Msimamizi akirudisha sura ya nne ina maoni ukurasa mzima, mwezi unakatika hayajaguswa. Ada ya mwaka wa ziada yenyewe haichelewi.

Hapo ndipo linapokuja suala la chumba cha kompyuta. Mwaka 2021 mgeni rasmi wa siku hiyo alituahidi kompyuta 10. Tulipiga makofi, tukaipaka rangi stoo ya zamani, tukanunua kufuli. Mwaka 2023 mgeni mwingine, kwa ukarimu mkubwa, akaipandisha ahadi hadi kompyuta 20. Tukapiga makofi zaidi. Hadi tunaandika risala hii, tulicho nacho ni lile kufuli, nalo limeshika kutu.

Kwa heshima zote, Mgeni Rasmi, hatukuombi 30. Tunaomba 5 zinazowaka, intaneti, na ruhusa ya chumba kubaki wazi hadi saa tano usiku. Aidha, ahadi yako, kama itakupendeza kuitoa, tunaomba iandikwe leo na itaje tarehe. Katibu wetu amekuja na karatasi, kalamu, na ule muhuri tuliokwisha kuutaja.

Naomba kuwasilisha.