Natafuta kambo, sitafuti visa

Bwana Mhariri,

Jambo sana kwako na kwa wenzako wote wa biro.

Naandika juu ya ile barua mlitoa wiki iliyopita, ya msomaji mmoja aliesema ati hawa watu wanaozunguka na simu wakipiga picha makaburi ya wazungu na kusumbua makarani wa komini wanatafuta vitu viwili tu, visa ama parseli ya bure, yani kiwanja. Nilicheka kwanza. Alafu nikaacha kucheka, nikajiuliza kama huyu bwana hajaniona mimi mwenyewe, maana miezi minane sasa kila siku ya posho, Jumamosi, niko pale kwenye makaburi ya zamani na brashi ya viatu na chupa ya maji, nasugua mawe nipate kusoma majina.

Basi nimjibu. Visa sitaki, nina miaka 52, nauza vipuri vya magari kule komini Kenya, hapahapa Lubumbashi, na magoti hayanipi ruhusa ya kwenda mbali. Ya parseli nitafika.

Kambo yangu, baba ya papa, alikuwa Mgiriki. Si siri, Kasenga nzima ilijua. Wagiriki walikuwa wengi pale kwenye Luapula, njo walikuwa wameshika biashara ya samaki ya ziwa Moero, wananunua kwa wavuvi, wanapakia na barafu kwenye kamio, yani lori, wanakesha njiani mpaka Elisabethville, njo Lubumbashi ya leo, na wafanyakazi wa migodi wanakula. Kambo mwanamke alikuwa anatusimulia juu ya samaki wanaoitwa mpumbu, vile walikuwa wanapanda mto wakati wa mvua kwa wingi mpaka watu wanawashika wakiwa na mayai, na vile kufika miaka ya 1950 wakawa wamekwisha. Leo ukimwambia mtoto wa Kasenga habari ya mpumbu anafikiri unamtungia hadithi.

Lakini juu ya kambo mwenyewe tulikuwa na jina moja, Yorgo, na picha moja ya mwanamume amesimama mbele ya lori, kofia imemtia kivuli uso wote. Papa alizaliwa 1936, kambo akafa 1958, ikaja uhuru, ikaja sesesyo, Katanga kujitenga, Wagiriki wengine wakaenda zao, na sisi tukakua na jina la ukoo wa mama ya papa. Ukiuliza alitoka wapi unajibiwa "Ugiriki", ukiuliza alikuja na nini, "na meli". Njo hapo kila mtu anakosea, anaanzia kwenye meli, na mi nilikosea vilevile.

Nilikula mega za intaneti za miezi mizima kwenye zile listi za abiria za Uingereza, za 1890 mpaka 1960. Sizisemi vibaya, mtu aliepanda Southampton kwenda Cape Town unaweza kumkuta humo na umri wake na kazi yake. Shida ni kwamba zinaandika waliopandia bandari za Uingereza, na mtu wa visiwa vya Mediterania akasafirie nini Uingereza wakati Port Said iko karibu nae, anapita Suez, anashuka na pwani yote hii ya mashariki mpaka Beira? Nilikuwa kama mtu anaengoja treni ya Likasi akiwa amesimama kwenye barabara ya Kasenga.

Alafu kulikuwa na shangazi yangu, mzee wa heshima, anaapa kabisa kambo alishukia Lobito, bandari ya Angola, mwaka wa 1927 akapanda treni. Nikamwambia shangazi, pole, ile reli ya Lobito iliungana na ya Katanga 1931. Na ile ya kutoka Ilebo, iliyokuwa inaitwa Port-Francqui, ilifika Bukama 1928, kwa hiyo hata njia ya bandari ya Matadi bado ilikuwa taabu tupu. Mwaka wa 1927 mtu mwenye masanduku aliekuja kwa bahari alikuwa na njia mbili za maana, ya kusini, kwa reli iliyofika hapa 1910 kutoka Rodezia kupitia Sakania, ama ile ya Dar es Salaam mpaka Kigoma, anavuka ziwa Tanganyika kufika Kalemie, treni mpaka Kabalo, boti mpaka Bukama, alafu treni tena. Shangazi hakufurahi. Lakini ukijua reli zilifika lini unafuta nusu ya meli za dunia bila kununua hata mega moja.

Kilichonifungulia mlango ni kifo. Nasema hivo bila kuficha juu ndio ukweli, karatasi ya kifo inasema mengi kuliko karatasi ya safari. Kwenye meli mtu ni jina na namba ya kitanda. Akifa kuna mtu anakaa mbele ya karani wa etasivili, biro ya kuandikisha vizazi na vifo, na kuulizwa marehemu alizaliwa wapi, lini, kazi gani, baba yake nani, mama yake nani, mke yuko ama hayuko, na huyo anaejibu nae anaandikwa.

Nilianzia kwenye kaburi, nikapata tarehe. Na tarehe nikaenda biro moja hapa mjini, sitaitaja. Karani aliniomba hela ya sukari, nikatoa, akanipeleka kwenye chumba cha nyuma. Bwana Mhariri, rejista ziko chini kwenye simenti. Bati limetoboka juu yake. Ya mwaka wa 1957 ilikuwa imeshikana kama mkate uliomwagikiwa maji, ukifungua ukurasa unaondoka na mwenzake. Ya 1958 ilikuwa juu ya ingine, njo iliyomwokoa kambo, bahati ya kupangwa na mtu asiejua anapanga nini.

Tukasoma. Georges, njo Yorgo kwa Kifaransa, mchuuzi wa samaki, amezaliwa 1904, mahali Scarpanto, mtoto wa Emmanuel. Karani akasema, kumbe kambo yako ni Mwitalia. Na mi nikaamini, nikarudi nyumbani nimechoka, wiki mbili natafuta kijiji cha Scarpanto kwenye ramani ya Italia na hakuna. Kumbe Scarpanto ni vile Waitalia walivyokuwa wanaita kisiwa cha Karpathos! Visiwa vile vyote vya upande wa Rodosi vilikuwa chini ya Waturuki, Italia ikavichukua 1912, Ugiriki ikavipata 1947. Kwa hiyo huyu mzee alizaliwa chini ya Mturuki, akasafiri na karatasi za Kiitalia, na kwa roho yake alikuwa Mgiriki tangu mwanzo. Mwenye kutafuta mtu wa visiwa vile kati ya "Wagiriki" waliosafiri miaka ya 1920 atatafuta mpaka azeeke, maana wameandikwa na Waitalia. Hata Wayahudi wa Rodosi waliokuja hapa mjini kwetu, waliokuwa na sinagogi yao tangu 1930, ni vilevile.

Sasa angalia hili jina la Emmanuel. Papa yangu aliitwa Manoli. Kule Kasenga watu walikuwa wanamtania ati ni jina la mbwa wa mzungu, na papa mwenyewe alikufa bila kujua linatoka wapi. Wagiriki wana desturi, mtoto wa kwanza mwanamume anapewa jina la baba ya baba yake, na Manoli ni Emmanuel la nyumbani. Mzee yule hakumwandikisha papa popote, kwenye ile akti ya kifo imeandikwa "bila watoto", nimeisoma na macho yangu, lakini alimpa jina la baba yake. Nilikaa kwenye ile simenti nikiwa na ile rejista magotini na karani akaniuliza kama ninaumwa.

Nije kwenye parseli, maana huyu msomaji wenu njo inamwasha. Ndio, niliomba kuona karatasi za ardhi pia. Sertifika ya parseli kwa mfumo wetu ina volimi na folio, namba ya kitabu na ya ukurasa, na inasema ilitoka kwenye sertifika gani, kwa hiyo unarudi nyuma moja moja kama mtu anaeshuka ngazi, mpaka unafika wakati wa CSK, ile komite iliyokuwa inagawa ardhi ya Katanga. Duka la kambo lilikuwepo. Liliuzwa 1959 kwa Mgiriki mwingine, na aliesaini kwa niaba ya warithi ana jina la ukoo lilelile la kambo, huenda ni ndugu yake, na huyo sasa njo ninamtafuta kwenye meli, maana ana jina kamili na umri. Yule aliyenunua nae alinyang'anywa kwenye zairianizasyo ya 1973, serikali ilipochukua biashara za wageni, likapewa mtu, huyo mtu akauza, aliyenunua akauza, leo wanauza humo simu na mikate. Nikadai kwa nani? Nilinunua mkate nikaondoka.

Kuna jambo moja niliongeze. Wale machotara waliozaliwa na Wabelgiji walipigania haki yao, serikali ya Ubelgiji ikaomba msamaha 2019, na mwezi wa kumi na mbili 2024 korti ya rufani ya Brussels ikawapa haki wamama watano waliochukuliwa kwa nguvu utotoni wakatiwa misheni. Nyaraka zao nyingi ziko kulekule Brussels na kuna kazi ilianzishwa ya kuwasaidia kuzisoma. Ni vizuri sana. Lakini mtoto wa Mgiriki wa Kasenga, ama wa Mwitalia wa reli, ama wa karani aliekuja kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, na Biblia yake, karatasi zake haziko Brussels, ziko kwenye chumba cha bati lililotoboka.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Vijana wa hapa wana simu nzuri kuliko yangu. Wenye biro waruhusu siku mbili tatu, kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, rejista za vifo za kabla ya 1960 zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, zikiwa palepale, hakuna anaebeba kitu. Sukari tutaleta ya kweli, na chai.

Na kama kuna msomaji, hata huyu wa wiki iliyopita, ana picha ya zamani ya soko la samaki ama ya makamio ya Kasenga, naomba aiache kwenu biro. Natafuta mwanamume mwenye kofia, bado sijaona uso wake. Picha nitairudisha.

Mjukuu wa Yorgo,
Kamalondo, Lubumbashi