Samaki wa kukaa pamoja kwenye tangi dogo: anza na maji yako

Malalamiko tunayoyasikia zaidi hapa dukani hayahusu filta wala pampu ya hewa. Mteja anakuja na kusema: “Niliweka samaki kumi jioni, asubuhi nikakuta saba.” Mwingine anasema kuna mmoja anawafukuza wenzake mpaka wamejibana nyuma ya filta na hawatoki hata kula. Mara nyingi samaki hao hawaumwi. Wamechaguliwa kwa rangi tu, kisha wakafungiwa pamoja ndani ya lita 54 za maji.

Lita 54 ndizo zinazoingia kwenye tangi la sm 60 kwa 30 kwa 30, na hilo ndilo tangi ambalo wateja wetu wengi huanza nalo. Ni dogo, lakini linaweza kupendeza sana likipangwa vizuri.

Kabla ya kuzungumzia samaki, tutakuuliza maji ya nyumbani kwako yanatoka wapi. Dar es Salaam nyumba nyingi zinatumia kisima, na maji ya visima vingi, hasa vya karibu na bahari, yana chumvi na madini. Unayajua kwa macho: sabuni haitoi povu, na birika la chai linajenga ukoko mweupe kwa ndani. Maji ya namna hiyo hayawafai neoni tetra, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong’aa. Asili yao ni mito ya bonde la Amazon, kwenye maji laini, yaani yenye madini machache, na yenye asidi kidogo. Ukiwaweka kwenye maji ya kisima, wataogelea siku kadhaa, kisha ule mstari utaanza kufifia na watapungua mmoja mmoja. Lakini samaki wadogo kama gapi, plati na moli wanayapenda maji yenye madini, na moli huvumilia hata chumvi kidogo. Kwa hiyo mwenye kisima tunamshauri ajenge tangi lake kwa hao, badala ya kupigana na maji yake kila wiki.

Joto nalo lina sehemu yake. Neoni tetra hustawi kwenye nyuzi 22 hadi 26, na tangi la sebuleni hapa pwani mwezi wa Februari linapita hapo kwa urahisi. Kama maji yako ni laini na unataka sura ileile, chukua kadinali tetra, anavumilia joto zaidi. Wateja wa Njombe, Mbeya au Arusha wana shida ya kinyume: wao wanahitaji hita, hasa Juni na Julai. Goldfishi hupenda maji ya baridi, hukua sana na huchafua maji kuliko wengine, kwa hiyo usimchanganye na samaki wa maji ya joto.

Jambo la pili ni mdomo. Samaki wengi humla yeyote anayeingia mdomoni mwao, hata kama wameishi pamoja kwa amani miezi mitatu. Anjelifishi huuzwa akiwa mdogo kama sarafu, lakini mwili wake hufikia urefu wa sm 15, na neoni wa sm 3 kwake ni chakula. Oska hufikia sm 30. Pleko, anayenunuliwa kwa ajili ya kusafisha kioo, anaweza kufikia sm 40, yaani zaidi ya nusu ya urefu wa tangi lenyewe. Na wako wanaochota vifaranga vya perege mtoni kwa sababu ni vya bure. Tafadhali usifanye hivyo. Perege anakua haraka na ni mgomvi.

Sasa tuseme juu ya samaki wa maziwa yetu, maana hapa ndipo makosa yanapouma zaidi. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wa njano na wa buluu, ni miongoni mwa samaki wazuri kuliko wote wa maji yasiyo ya chumvi duniani, na Watanzania tuna haki ya kujivunia kuwafuga. Ila ni samaki wa miambani wanaolinda maeneo yao. Ukimchanganya mbuna na gapi, utaona mkia wa gapi umechanwachanwa, kingo zimekuwa nyeupe, na baada ya hapo fangasi huingia. Mbuna wanahitaji tangi lao peke yao, la lita 200 au zaidi, lenye mawe mengi. Kama una tangi dogo na unataka kitu cha nyumbani, wako samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Kundi dogo la hao, mchanga laini na makombe vinatosha kulijaza tangi. Maji ya ziwa hilo yana pH (kipimo cha asidi ya maji) inayokaribia 9, hivyo maji magumu ya kisima, yakiwa hayana chumvi nyingi, mara nyingi huwafaa.

Kwa tangi la lita 54 lenye maji ya kisima, mchanganyiko tunaoupendekeza ni gapi madume sita na plati wanne wa jinsia moja. Ukichanganya madume na majike, ndani ya miezi michache tangi litajaa vifaranga. Kwa maji laini, chukua kadinali tetra wanane na koridora sita wadogo wa chini. Usinunue tetra wawili wawili. Hawa ni samaki wa kundi, wakiwa wachache hujificha na hupauka.

Usiwaingize wote siku moja. Filta mpya huchukua wiki nne hadi sita kupata bakteria wa kumaliza amonia inayotoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Anza na watatu au wanne, uwalishe kidogo, ndipo uongeze. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Njoo na chupa ndogo ya maji yako kabla hujanunua, tunakupimia bure pH, ugumu na chumvi wakati unasubiri. Na ukishindwana na samaki, usimwachie mtoni wala ziwani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi sana za samaki wadogo wa ziwa lile zimetoweka. Mrudishe dukani, hata kama hukumnunua kwetu, tutamtafutia tangi linalomfaa.